Ndege imeanguka: kipi kilikufa, kipi kilibaki hai?

Ndege ya rimoti ikianguka uwanjani, wa kwanza kufika ni watoto. Hujavuka hata nusu ya uwanja, mmoja anakujia na bawa, mwingine mkia, wa tatu ameshika betri aliyoichomoa mwenyewe kwa nia njema kabisa. "Anko, hii betri imekufa?" Na hapo ushahidi umekwisha. Hutajua tena kama plagi ilikuwa imeshika, wala kama servo, zile mota ndogo zinazosogeza vibao vya bawa na mkia, zilikuwa bado zinatii.

Siku hizi nawaomba kabla sijarusha: ikianguka, ikimbilieni lakini msiiguse. Nafika kwa nyuma yake, trotoli (kijiti cha nguvu ya mota) iko chini kabisa, rimoti bado inawaka. Nasogeza vijiti vya eleroni (vibao vya bawa vinavyolaza ndege kulia na kushoto) na elevata (kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua) taratibu na kutazama. Ukijua nini kimekufa na nini kiko hai, umeshapunguza kazi yote ya kutafuta. Wengi tukianguka tunasema "signo imekata", yaani mawimbi ya rimoti hayafiki, au "upepo ule". Katika ndege nilizookota mimi, signo ilikuwa na hatia mara chache sana.

Mfano wangu hapa ni ndege ya kujifunzia: bawa limekaa juu ya bodi, ncha hadi ncha ni mita 1, uzito gramu 650 pamoja na betri. Imetengenezwa kwa ubao wa povu wa milimita 5. Vijiti vya mishikaki vinashika raba bendi za bawa, na mwanzoni spoku za baiskeli ndizo zilizosukuma elevata na usukani (kibao cha wima cha mkiani). Mota ni 2212 ya KV 1000 (mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti), propela inchi 10 kwa 4.5, ESC (kidhibiti cha umeme wa mota) ya ampea 30, servo nne za gramu 9, LiPo (betri ya lithiamu) ya seli 3 yenye mAh 2200. Yako ikiwa ya ukubwa mwingine tarakimu zitabadilika, lakini magonjwa ni yaleyale.

Mota imezima, servo zinacheza

Umeme upo na signo ipo. Mtuhumiwa wa kwanza ni betri kuisha. ESC ikiona volti zimeshuka, nyingi hukata karibu volti 3 kwa kila seli, huizima mota makusudi ili umeme uliobaki uzilinde servo upate kutua. Wengi hawajui hivyo, wanababaika, wanavuta elevata kuirudisha ndege juu, nayo inaishiwa mwendo na kudondoka. Mota ikikata, shusha pua kidogo, tafuta mahali pa kutua, basi.

Pima seli mojamoja kwenye plagi ndogo ya betri. LiPo ikipumzika volti hupanda tena, kwa hiyo usidanganywe: seli inayosoma 3.5 baada ya kupumzika ilikuwa imekwisha ilipokuwa kazini. Kama zote zinasoma 3.8 au zaidi na bado mota ilikata, mpe mtu aishike ndege kwa nguvu, asimame nyuma ya propela, ufungue trotoli yote huku mita iko kwenye betri. Kutoka 12.6 kushuka hadi 11.4 si ajabu. Ikiporomoka hadi 10 ndani ya sekunde chache, betri imechoka, hata kama chaja inasema imejaa.

Hesabu ya muda ni rahisi na wachache wanaifanya. Betri ya mAh 2200 usiitumie zaidi ya asilimia 80, yaani mAh 1760. Ukiruka kwa wastani wa ampea 8, hizo ni dakika 13. Mimi saa ya rimoti inalia kwenye dakika 9, kwa sababu kutua kwangu mara nyingi huhitaji kujaribu mara mbili.

Hapa niseme jambo kuhusu seli za laptopu. Betri za lithiamu hazisafirishwi kirahisi kwenye vifurushi vya ndege, LiPo ni ghali, na kila fundi wa kompyuta ana lundo la seli za 18650 alizozitoa kwenye laptopu mbovu. Unaunganisha tatu, mita inasoma 12.4, unafurahi. Mota inavuma sekunde tano kisha inalegea kama feni mgao ukianza. Seli zile zilitengenezwa kutoa umeme polepole. Mota yako inataka ampea 15 au zaidi trotoli ikiwa wazi yote, na seli ya laptopu haina ubavu huo. Zitumie kwenye rimoti.

Mtuhumiwa wa pili ni joto la ESC. Iguse mara tu ndege inapotua: ukishindwa kuushikilia mkono hapo, ndiyo yenyewe. Povu ni lilelile wauza samaki wanalohifadhia barafu. Linalozuia joto lisiingie ndilo linalozuia lisitoke. Toboa tundu mbele karibu na mota, na jingine kubwa zaidi nyuma, hewa ipite juu ya ESC. Tundu la mbele peke yake halisaidii.

Na mara nyingine mota haikuzima kabisa. Ilikuwa inazunguka, ila nati ya propela imelegea na propela inateleza kwenye ekseli. Unasikia mvumo mwembamba wa juu, ndege haivutwi. Kaza, kisha mwaka huo usiisahau tena.

Kila kitu kimekufa

Ukifika na hakuna taa hata moja, anza na plagi kubwa ya betri na sehemu zilizochomelewa kwa risasi. Vuta kila waya kwa vidole, si kwa huruma. Kiungo kizuri cha risasi kinang'aa na kimelala vizuri kwenye waya. Kile cha kijivu, kilichokaa kama tone la uji, hakijashika. Mpelekee fundi redio yeyote mwenye pasi yenye nguvu, atakimaliza kwa dakika moja. Sisi wa pwani tuna nyongeza yetu: hewa ya chumvi. Plagi iliyokaa miezi mitatu karibu na dirisha la baharini inaota ukijani ndani, inapitisha umeme wa kuwasha taa lakini si wa kuzungusha mota.

Ugumu uko kwenye ndege iliyokufa sekunde mbili angani ikafufuka ilipogusa majani. Unafika, kila kitu kinafanya kazi, unaona haya hata kusimulia. Hapa shuku sehemu ndogo ndani ya ESC inayoitwa BEC, ile inayoshusha volti 12 za betri kuwa 5 za servo na risiva, kifaa kinachopokea signo ya rimoti. Katika ESC nyingi za bei nafuu, sehemu hiyo hushusha volti kwa kugeuza ziada kuwa joto. Betri ikiwa imejaa, ziada ni volti 7.6, servo zikivuta ampea 1, hizo ni wati 7.6 za joto kwenye kipande kidogo kuliko ukucha, ndani ya povu, saa saba mchana. Kikizidiwa kinazima, kikipoa kinawaka. Wewe hapo katikati huna ndege.

Ndiyo maana nashughulika sana na servo zinazokwama. Servo ya gramu 9 ikisukuma kitu kisichosogea inaweza kuvuta zaidi ya nusu ampea peke yake. Chomoa spoku kwenye servo na usogeze elevata kwa kidole: ikishuka kwa uzito wake yenyewe, sawa. Ikigoma, bawaba ni ngumu au spoku inasugua mahali. Rekebisha hapo kabla hujanunua chochote. Ikiwa bado inakufa, weka BEC ya nje ya ampea 3, ya aina isiyochoma ziada kuwa joto, na uchomoe waya mwekundu wa katikati kwenye plagi ya ESC inayoingia kwenye risiva, uufunge kwa tepu, ili vyanzo viwili visigombane.

Signo sasa. Mawimbi ya 2.4 GHz yana urefu wa sentimita 12.5, na kipande cha antena kinachofanya kazi ni robo yake: milimita 31 za mwisho, zile zilizovuliwa ganda la nje. Nimeona watu wakizikunja milimita hizo na kuzibana chini ya betri ili "zisininginie". Ziache zimenyooka, mbali na betri na ESC, na kama antena ni mbili, moja ilale na nyingine isimame. Zilizopita chini ya ubao wa kaboni ni kama hazipo. Antena ya rimoti nayo usiielekeze ndege kama mkuki. Nchani ndiko signo yake ni dhaifu kuliko kote.

Kabla ya siku kuanza, weka rimoti kwenye hali ya nguvu ndogo, tembea hatua 30, uone kama servo zinatii. Kisha toa propela, zima rimoti ndege ikiwa imewaka na mota inazunguka. Mota lazima isimame. Ikiendelea kuzunguka, risiva haijapangwa nini cha kufanya signo ikipotea, na siku itakapopotea kweli ndege itaondoka na mota wazi kuelekea kwa watu.

Kila kitu kiko hai, ndege haikutii

Sehemu hii ndiyo inayojaza ndoo zetu za taka. Umeme mzuri, signo nzuri, servo zinacheza, na ndege ilipanda, ikapinduka, ikaja chini.

Imepinduka ndani ya sekunde moja baada ya kuachiwa? Kabla ya yote, simama nyuma ya ndege, sukuma kijiti kulia: eleroni ya kulia lazima iinuke na ya kushoto ishuke. Vuta kijiti kwako: elevata iinuke. Nilibadilisha servo moja iliyovunjika gia, nikafunga ya chapa nyingine iliyozunguka kinyume, nikaona "zinacheza", nikarusha. Ilitaka kulala kushoto, nikaiambia kulia, ikalala kushoto zaidi. Tangu siku hiyo sisemi "zinacheza", nasema "zinacheza upande sahihi", na nalisema kwa sauti mpaka mke wangu anacheka.

Upande ukiwa sahihi na bado inalala kushoto kila unapoirusha, ni mota. Propela ikizunguka upande mmoja, ndege inataka kuzunguka upande wa pili, na mwanzoni mwendo ni mdogo mno eleroni kupambana nayo. Elekeza mota kulia digrii 2 au 3: legeza skrubu, weka washa (kipete cha skrubu) nyembamba nyuma ya mota upande wa kushoto, kaza. Na urushe trotoli ikiwa robo tatu badala ya yote.

Ikiwa inapandisha pua mara tu ukiongeza trotoli, weka washa upande wa juu ili mota itazame chini kidogo. Lakini usiharakie washa kabla hujapima kitovu cha uzito.

Kitovu hicho ndipo ningekaa siku nzima ningeruhusiwa. Bawa langu lina upana wa sentimita 18, na ndege inapaswa kusawazika kati ya asilimia 25 na 30 ya upana huo, yaani sentimita 4.5 hadi 5.4 kutoka ukingo wa mbele. Weka alama kwa kalamu chini ya bawa pande zote mbili, inua ndege kwa ncha za vidole hapo, betri ikiwa ndani. Ipimwe ikiwa tayari kuruka, si ikiwa uchi.

Mkia ukiwa mzito, dalili ni hizi: ukigusa elevata kidogo inaruka kama mbuzi, ikiachiwa inapandisha pua yenyewe, inasimama hewani, kisha inaangukia bawa moja. Aliyewahi kurusha tiara lisilo na mkia anaijua hasira hiyo. Pua ikiwa nzito, ndege inatulia lakini ni mvivu, inahitaji kuvutwa muda wote, na ukitaka kutua haiinui pua. Nzito mbele utarudi nayo nyumbani. Nzito nyuma, andaa mfuko.

Ndege zetu za kujitengenezea karibu zote zina mkia mzito, na sababu ni gundi na spoku. Spoku moja ina gramu 6 hivi. Mimi niliunganisha mbili mbili kufikia mkia, nikawa na gramu 24 za chuma, sehemu kubwa nyuma ya bawa. Mkia uko sentimita 50 nyuma ya kitovu na pua iko sentimita 20 mbele, kwa hiyo kila gramu ya mkiani inadai gramu mbili na nusu puani. Nikazing'oa, nikaweka vijiti vya mishikaki vyenye kipande cha waya kila ncha, na betri ikarudi mahali pake bila kuongeza risasi ya uzito puani.

Ikisharuka, jaribio la mwisho ni hili. Panda juu, iwe imetulia, kata trotoli, ielekeze chini digrii 30 hivi, uachie kijiti. Ikinyanyuka yenyewe kwa nguvu, pua ni nzito. Ikizidi kuzama, mkia ni mzito. Ikinyanyuka polepole, usiiguse tena.

Sasa ile inayoanguka kwenye kona. Ilikuwa inaenda vizuri, ukakata kona ya kurudi, bawa la ndani likadondoka ghafla. Ndege ikilala digrii 60 na kushikilia kimo, bawa linabeba uzito maradufu, na mwendo wa chini kabisa unaohitajika unapanda kwa asilimia 41. Ukiwa polepole na unavuta elevata, bawa linaacha kubeba. Dawa ni kona pana na trotoli kidogo zaidi, na ikishadondoka, achia elevata ipate mwendo kabla ya kunyoosha.

Upepo wa kusi huleta kosa jirani. Ndege ikipeperushwa na upepo wa nyuma unaiona inakimbia sana juu ya uwanja, mkono wenyewe unapunguza trotoli. Lakini bawa halijui uwanja. Linajua hewa inayolipita, na hiyo haikuongezeka. Unapunguza, unakata kona, inaanguka, unalaumu upepo. Rusha asubuhi kabla ya saa tatu, kidole kisiguse trotoli kwa sababu ya unachokiona ardhini.

Niliwahi kupanda na ndege hiihii kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, nikashangaa imekuwa nzito. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa asilimia 16 hivi. Bawa lilelile linahitaji mwendo wa asilimia 9 zaidi ili libebe, na propela nayo inashika hewa pungufu. Kinachorushwa kwa kutembea hapa pwani, kule kikimbize.

Inanguruma angani

Mlio wa kukwaruza, kama karatasi kwenye feni, unaokuja mwendo ukizidi: eleroni au elevata inapigapiga yenyewe. Kata trotoli mara moja, inua pua taratibu, tua. Hiyo kitu inang'oa bawaba ndani ya sekunde. Kwa kawaida tundu la mkono wa servo limepanuka na spoku inacheza ndani yake. Mtetemo wa muda wote ni propela: weka kipande cha tepu nyuma ya upande mwepesi mpaka isawazike. Tazama pia maandishi ya propela yanaelekea mbele. Ikifungwa kinyume bado inavuta, kwa shida, na utaizunguka mota wiki nzima ukitafuta kosa.

Mezani, mota inatetemeka bila kuzunguka

Toa propela. Waya mmoja kati ya mitatu ya mota haupitishi. Ili ujue ni mota au ESC, tenganisha, gusanisha waya mbili za mota, zungusha kwa mkono: inapaswa kuwa nzito. Jaribu jozi zote tatu. Jozi mbili zikiwa laini na moja tu nzito, waya usiomo kwenye jozi nzito umekatika ndani ya mota. Zote zikiwa nzito sawa, angalia viungo na ESC. Ikizunguka vizuri lakini kinyume, badilisha waya mbili zozote. ESC inayolia tu bila kuwasha mota kwa kawaida haipati signo au haijui sifuri ya trotoli iko wapi: weka trotoli juu kabisa, unganisha betri, ukisikia milio miwili shusha mpaka chini.

Kuunga

LiPo iliyogongwa kwanza iwekwe nje, juu ya mchanga, nusu saa. Iliyotoboka, iliyovimba au inayonukia utamu haichajiwi tena. Nyingine ichajiwe kwa ampea 2.2, chaja ikisawazisha seli, nawe uwe chumbani humo.

Povu jeupe la punje, lile linalofunga televisheni kwenye katoni, linayeyushwa na supagluu na gundi ya viatu. Tumia gundi nyeupe ya mbao na usiku mzima wa subira, au epoksi ya dakika 5. Gundi ya moto inashika haraka, ila ndege ikiachwa ndani ya gari juani inalegea, na bawa linajipinda usijue. Litazame kutoka nyuma, jicho moja limefumbwa: ncha mbili zikionekana tofauti, lipashe joto kidogo kwa draya ya nywele, lipinde kinyume, lishikilie mpaka lipoe.

Kagua kibao cha mbao kinachobeba mota. Ufa wake hauonekani. Shika mota, isukume kushoto na kulia. Ikisogea hata kidogo, zile digrii zako za kulia hazipo tena. Na epoksi uliyomwaga mkiani ina uzito, kwa hiyo rudi kwenye zile alama za kalamu chini ya bawa, vidole viwili, betri ndani.